Fuliza Inakukata Kila Siku, Mbona Mteja Wako Achelewe Bure?

Fuliza ikishakushika haikuonei aibu. Inakata ada kila siku mpaka ulipe. Sasa niambie, wewe fundi wa Kibuye, mbona mteja akikuchelewesha miezi miwili unamwambia tu "sawa boss, nitangoja"?

Chukulia umetengenezea hoteli ya town vitanda na meza za 120,000. Umetuma invoisi, wakasema watalipa baada ya siku 30. Leo ni siku ya 75 na kila ukipiga simu unaambiwa mtu wa akaunti ametoka kidogo.

KRA nayo haijui mambo ya kutoka kidogo. Kama umesajiliwa VAT, 16% juu ya hiyo kazi ni 19,200, na unafaa kuilipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama hoteli haijakutumia ndururu. Ukichelewa unapigwa 5%, yaani 960, halafu riba ya 1% kila mwezi. Manze, unalipa faini juu ya deni la mtu mwingine!

Programu za hesabu kama QuickBooks ziko na swichi ya hii kitu. Unaweka asilimia na siku za neema, yenyewe inaongeza faini kwa invoisi iliyochelewa. Tamu, lakini usiiwashe leo usiku ukiwa na hasira. Kama hamkuelewana mbeleni, hoteli itasema hiyo faini imetoka wapi, na kusema ukweli watakuwa na pointi. Hata ukienda Small Claims Court, kwenye madai huishia 1,000,000, swali litakuwa mliandikiana nini.

So iandike kwa kotesheni kabla hujanunua mbao. Siku 30, siku 7 za neema, halafu 2% kwa mwezi. Hapo ni 2,400. Na cheki vizuri mashine inahesabu vipi. Ikikata 2% ya deni pamoja na faini ya mwezi uliopita, mwezi wa pili ni 2,448, na mteja mjanja ataiona.

Kama mteja ni kaunti ama wizara, sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, kifungu cha 140, inasema deni likichelewa lilipwe na riba, isipokuwa mkataba useme vingine. Hapo kwa "vingine" ndio vijana wa AGPO huchezwa, juu msee anaona tenda, anasaini bila kusoma. Na hata akisoma, anaogopa kudai riba asije akanyimwa tenda ingine.

Ukishawasha hiyo swichi, mtoe yule mathe wa mitumba mwenye deni la stuli ya 1,500. Ukimtumia faini ya 30 bob, Jumapili soko likijaa atawaambia wateja wake wote wapitie kibanda cha jirani yako.