Kadi Mbili, LUKU Moja

Kadi ya grafiki ya NVIDIA na ya AMD zinaweza kukaa ndani ya kompyuta moja, zikachimba sarafu za kidijitali usiku na mchana bila kugombana. Fundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, anayemweleza mteja hivyo hasemi uongo. Ila maelezo yakiishia hapo, bila hesabu ya umeme, kijana anavuka barabara kuelekea Mnazi Mmoja na boksi lililomeza akiba ya mwaka mzima, akiamini amenunua mashine ya kumlipa.

Kadi hizo hazigombani kwa sababu haziulizani kitu. Mfumo wa SLI wa NVIDIA ulidai kadi za aina moja kwa kuwa ziligawana kazi ya kuchora mchezo uleule. Uchimbaji ni kubahatisha namba: kila kadi inajaribu majibu yake, na inayopata inapeleka. Ndiyo maana kadi ya zamani haiichelewishi mpya. Hata kadi ikiunganishwa kwa raisa, yaani kiunganishi cha kurefusha tundu, nje ya kasha, kwenye tundu dogo kabisa la maza bodi, haipungukiwi, maana data inayopita pale ni kiduchu. Programu moja ikishindwa kuziongoza zote mbili, kila kadi inapewa ya kwake.

Memori, hata hivyo, haijumlishwi, na hapa ndipo wengi walipoumia. Enzi za kuchimba Ethereum, kila kadi ilipaswa kubeba faili zima la hesabu kwenye memori yake yenyewe. Faili hilo lilikuwa likikua, na kufikia mwisho wa 2020 likavuka GB 4. Aliyekuwa na kadi ya GB 4 pembeni ya kadi ya GB 6 hakuwa na GB 10. Alibaki na kadi moja inayochimba na nyingine ya kuuza.

Pawa saplai nayo haisamehe. Waya wa SATA umetengenezwa kubeba takribani wati 54, ilhali raisa inaweza kuvuta hadi 75. Anayeunganisha raisa kwa waya wa SATA kwa sababu ndio uliobaki anaweza kukuta plastiki imeyeyuka, na mashine yenyewe inawaka saa 24, hata wenyewe wakiwa wamelala. Kariakoo ni mahali ambapo maduka, stoo na vyumba vya kuishi vimebanana ukuta kwa ukuta, na soko lake kuu liliteketea usiku wa Julai 10, 2021. Suala la waya pale ni suala la majirani wote.

Tuje kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Chukua kadi mbili za mtumba za kawaida, RX 580 na GTX 1060. Zikipunguzwa makali kama wachimbaji wanavyofanya, pamoja na maza bodi, prosesa, feni na umeme unaopotea kwenye pawa saplai, mashine inakula kama wati 300. Hizo ni uniti 7.2 kwa siku, 216 kwa mwezi. Bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti inamhusu mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo mchimbaji huyu anaangukia kundi la T1, la matumizi ya kawaida. Uniti ya T1 ni shilingi 292, na ukiongeza VAT, tozo ya REA na ya EWURA inafika kama 356. Jumla ni karibu shilingi 77,000 kila mwezi, kabla ya feni ya kupooza chumba. Na joto la Dar es Salaam la Januari hadi Machi haliachi chumba chenye mashine ya aina hiyo kikae bila feni.

Zamani kidogo, hesabu hiyo iliweza kulipa. Lakini Septemba 15, 2022 Ethereum iliacha kabisa uchimbaji wa kadi, na matumizi yake ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99. Wachimbaji wa dunia nzima wakakimbilia sarafu ndogo kama Ethereum Classic na Ravencoin, wakagawana mapato yaleyale kwa vichwa vingi zaidi. Bitcoin ilikuwa imeshaziaga kadi za grafiki karibu miaka kumi kabla, baada ya kuja mashine maalumu zisizofanya kazi nyingine yoyote.

Wanaochimba kwa faida Afrika Mashariki hawanunui umeme kwa bei ya duka. Kivu Kaskazini nchini Kongo, Hifadhi ya Virunga inayoongozwa na Emmanuel de Merode ilianza mwaka 2020 kuchimba Bitcoin kwa umeme wa maji wa Luviro, ambao wakati huo haukuwa na wateja wa kutosha vijijini. Kampuni ya Gridless ya Kenya inafuata njia hiyohiyo: inaweka makontena ya mashine kwenye vituo vidogo vya maji na kutumia umeme ambao ungepotea bure. Kijana wa Mnazi Mmoja anashindana na watu hao huku akilipa bei moja na fundi wa kuchomelea na mwenye saluni. Hawezi kuwashinda, na hastahili kuambiwa kwamba anaweza.

Kadi zenyewe si mzigo wa kutupa. Kariakoo ina wachapishaji na wabunifu wa mabango, na jiji lina wahariri wa video za muziki na wachora ramani za nyumba ambao kadi nzuri ingewapunguzia saa nyingi za kusubiri. Ila kwa kazi hizi mchanganyiko wa NVIDIA na AMD unaanza kusumbua. Katika Blender, kadi mbili za NVIDIA za miaka tofauti zinasaidiana, lakini ya AMD haiingii kwenye kazi moja nazo. Mwenye mchanganyiko huo ni bora auze moja na kukamilisha jozi.

Wafanyabiashara nao wana wajibu. Serikali ya Tanzania, ambayo Benki Kuu yake ilitahadharisha kuhusu sarafu hizi Novemba 2019, tangu Julai 2024 inatoza kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Lakini hatua hizo zinahusu sarafu; mnunuzi wa kadi iliyochoshwa na uchimbaji hana kinga dukani zaidi ya macho yake. Kuna RX 580 zilizotolewa kwa soko la China zenye viini 2048 badala ya 2304, na zinauzwa kwa jina lilelile. Kadi iwashwe mbele ya mteja, programu ya GPU-Z ifunguliwe, idadi ya viini isomwe, kisha iendeshwe kwa mzigo nusu saa huku joto likiangaliwa. Winga, yaani dalali, au muuzaji anayekataa hilo anyimwe hela.