Jaji Aingiapo Darasani, Mgonjwa Hupona

Hapa Chalinze, barabara iendayo Morogoro huachana na ile ya Tanga na Arusha. Katika duka la dawa ipo njia panda nyingine. Mgonjwa hupewa vidonge vya kasha jipya, vya bei nafuu kuliko vya mwezi uliopita. Hudhani amepewa bandia, akaacha dozi. Kosa hilo si la mgonjwa peke yake, kwani limewahi kuingia hata katika sheria.

Mwaka 2008 Kenya ilitunga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Maana iliyopewa neno "bandia" ilikuwa pana kiasi cha kuweza kuzikumba dawa jeneriki, yaani zenye kiambato kilekile lakini zilizotengenezwa na kiwanda kingine. Watu watatu waishio na VVU walikwenda mahakamani. Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu, Nairobi, aliamua kwamba vifungu vya 2, 32 na 34 vilihatarisha haki yao ya uhai, utu na afya.

Hukumu ile ni somo kamili. Hataza ni haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutengeneza na kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Ubandia ni udanganyifu. Dawa yaweza kugombaniwa kwa hataza na bado ikatibu, ilhali dawa bandia yaweza kuua.

Kwa hiyo naunga mkono majaji wanaofundisha. Randall Rader wa Marekani alifundisha sheria ya hataza katika Chuo Kikuu cha George Washington huku akiwa jaji wa mahakama ya rufaa isikilizayo mashauri hayo. Darasani jaji hulazimika kueleza kwa lugha nyepesi, naye huulizwa maswali.

Wapo watakaosema kuwa ualimu humkaribisha jaji mno kwa mawakili. Hoja hiyo ina uzito: mwaka 2014 Rader aliacha ujaji mkuu wa mahakama yake baada ya kumwandikia wakili mmoja barua pepe ya kumsifu, akaomba radhi. Hata hivyo, tiba ya kosa kama hilo ni maadili, wala si kufunga darasa.

Shirika la Biashara Duniani limeziruhusu nchi zenye maendeleo duni, yetu ikiwamo, kutolinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Ruhusa hiyo haitufai ikiwa hakimu, ofisa forodha na mfamasia hawaielewi. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto na vyuo vyetu vya afya viandae somo la pamoja, jaji na mfamasia wakifundisha bega kwa bega.

Nawe mhudumu, kasha likibadilika, msomee mgonjwa jina la kiambato kabla hajaondoka. Nawe mgonjwa, uliza kwanza, usiache dozi.