Umri wa Tairi

Mwenye gari kuukuu la familia mjini Dodoma anapotafuta tairi, kwanza hutazama meno. Akilipata la mtumba lenye meno marefu kwa bei nafuu, huona amebahatika. Hapo ndipo anapokosea. Mpira huzeeka hata usipotembea: oksijeni na ozoni za hewani hushambulia minyororo ya molekuli zake, ukakakamaa na kufanya nyufa, joto na jua la kiangazi huharakisha kazi hiyo. (Utepe wa mpira ulioachwa dirishani pa darasa muhula mzima huonyesha jambo lilo hilo.) Gari likishika kasi kuelekea Morogoro, tabaka za tairi la namna hiyo zaweza kuachana.

Basi na asome ubavuni, mwishoni mwa maandishi yaanzayo na DOT. Tarakimu 3514 maana yake ni juma la 35 la mwaka 2014. Watengenezaji wengi hushauri tairi liondolewe lifikapo miaka 10, lingawa na meno. La akiba pia, ambalo husahauliwa. Fedha zikiwa chache, mawili mapya ni bora kuliko manne ya mtumba, mradi mawili yanayobaki yangali mazima. Nayo mapya yafungwe nyuma, si mbele kama wengi wafanyavyo, kwani gari linaloteleza kwa nyuma ni gumu zaidi kulirudisha njiani.