Boom Limenunua Boom

Washkaji wananiona nimechanganyikiwa. Boom la muhula huu, badala ya kulipa deni la geto, nimenunulia mabomba ya aluminiamu. Kichekesho ni kwamba lile bomba kubwa la katikati ya antena nalo linaitwa boom.

Niliikuta likizo, Singida mjini, kwa mzee anayenunua vyuma chakavu. Imelala kati ya sufuria zilizotoboka na rimu za baiskeli, inasubiri mizani. Nikampa shikamoo, nikauliza ni nini. "Antena ya tivii hiyo, kijana wangu." Kwa heshima zote, mzee, tivii gani inataka fito za mita saba na kitu?

Nikaomba futi kamba. Gawa 143 kwa masafa ya megahezi, unapata takriban urefu wa nusu wimbi kwa mita. Megahezi 28.5 inadai mita 5 hivi, 14.2 inadai 10. Zangu hazikufika 10, lakini kila ufito ulikuwa na vikopo viwili kila upande. Hiyo ndiyo siri. Ndani ya kikopo kuna koili: cha karibu na katikati kinazuia 28, cha mbali kinazuia 21, na ufito mzima pamoja na koili zake unafanya kazi kwenye 14 ingawa ni mfupi. Yaani hii ni antena ya redio ya ridhaa, bendi tatu kwa mpigo, na alikuwa anaenda kuiyeyusha!

Mimi nipo mwaka wa tatu. Yagi-Uda nimeijibu kwenye mtihani: Wajapani, Tohoku, 1926, wa nyuma unaakisi, wa mbele unaelekeza. Nikafaulu. Kuishika sijawahi, na sidhani darasani kwetu yupo aliyewahi. Projekti zetu zinaanzia kwenye kompyuta na kuishia kwenye kompyuta, halafu tunashangaa mwajiri akituuliza tumewahi kufunga nini. Idara inalia haina vifaa, huku vifaa vinauzwa kwa kilo.

Kuitengeneza si uchawi. Msasa kwenye maungio mpaka aluminiamu ing'ae, skrubu mpya zisizoshika kutu, nyigu kuwatoa (waliniuma mara mbili). Matundu madogo ya vikopo lazima yatazame chini ili maji yatoke. Mtu alishawahi kuyageuza juu. Multimita haisemi kila kitu, ila inakuonyesha koili iliyokatika. Kati ya vikopo 12, kimoja ndicho kibovu.

Mwenzangu wa geto anasema WhatsApp ipo. Sawa, ipo, lakini haikufundishi wimbi linaendaje Ulaya bila mnara wa mtu. Kurusha kunahitaji leseni ya TCRA, na namba za wito za kwetu zinaanza na 5H. Kusikiliza tu kutatosha kuanzia.

Ninachotaka kwa idara ni paa, nguzo, na mwalimu mmoja atakayesaini maombi ya leseni ya klabu. Nguzo iwe na kamba za kuishikilia, maana upepo nimeuzoea nyumbani, hauna adabu. Kwa sasa antena iko uani kwa mjomba, Mandewa. Amenipa mpaka alizeti ivunwe. Baada ya hapo, anasema, shangazi ataanikia nguo.