Toeni Meza Stoo, Nanyi Mrudi

Binti niliyepangiwa ukumbini aliniamkia kwanza. "Shikamoo, anko." Nikaitika marahaba, nikaipima mkononi raketi yangu ya zamani, nikajiambia nisimwonee mtoto wa watu. Robo saa haikuisha, alikuwa ameshanifunga seti tatu mfululizo, ya mwisho 11–3, akanipa mkono na kusema "pole" kwa adabu ileile aliyoanza nayo. Yuko kidato cha tatu. Mimi nina miaka 49, na mara yangu ya mwisho kushindana, seti ilikuwa inakwenda hadi pointi 21.

Mpira wa meza haukunisubiri. Mpira tuliojifunzia sisi ulikuwa na kipenyo cha milimita 38. Mwaka 2000 ukaongezwa hadi 40. Mwaka 2001 seti ikakatwa hadi pointi 11, kwa hiyo ile tabia yetu ya kuanza polepole mpaka mwili uchemke haina nafasi tena: mwili ukija kuchemka, seti imekwisha. Mwaka 2002 ikapigwa marufuku kuuficha mpira kwa mkono au mwili wakati wa kuanzisha. Hilo ndilo lililoniaibisha, maana kuanzisha kwa kuficha kulikuwa silaha yangu pekee shuleni. Nilipoanzisha hivyo, mwamuzi akainua mkono, pointi kwa binti. Nikabisha. Akanieleza kwa upole kwamba kanuni hiyo imemzidi umri mpinzani wangu.

Hata mlio umebadilika. Tangu 2014 mipira ya plastiki imeshika nafasi ya ile ya seluloidi, na siku ya kwanza kila mpira niliuona kama una ufa. Nilibadilisha mitatu kabla sijaona haya.

Nawaandikia nyinyi mliocheza shuleni, kwenye bwalo la chuo, kambini au kwenye ukumbi wa kanisa, mkaacha, kazi zilipowabana na watoto walipokuja. Rudini. Wala sisemi mrudi kupigapiga mpira jioni huku mkisubiri nyama iive. Rudini kushindana: jina liandikwe kwenye ratiba, mpangiwe mtu msiyemjua, mfungwe mbele za watu. Ukicheza na rafiki yako yuleyule kila wiki, mtazeeka pamoja mkijuana hila zenu nne. Mgeni ndiye anayekuonyesha mkono wako wa nyuma ulivyooza.

Na vijana wanatuhitaji kuliko wanavyojua. Pale ukumbini yuko mzee mmoja anayecheza kwa raba ya vipele virefu (raba ya raketi nasema, si za miguuni, za miguuni ana kandambili tu). Vipele vile haviung'ang'anii mpira. Unampelekea mpira unaozunguka kwa nguvu, naye anaugusa tu, unakurudia na mzunguko wako mwenyewe uliogeuka. Unadhani unapanda, unazama wavuni. Binti aliyenichapa mimi alihangaika kwa mzee yule seti nzima akipiga wavu, kisha akaanza kumtazama mkono badala ya kuutazama mpira. Somo lile angelipata wapi, kama wazee wote wangebaki nyumbani na rimoti?

Atakayesema umri umepita, nimkumbushe Paris 2024. Mwanamama Ni Xia Lian, aliyekuwa bingwa wa dunia akiichezea China mwaka 1983, aliingia mezani kwa Luxembourg akiwa na miaka 61, akashinda mechi yake ya kwanza kabla ya kutolewa na Sun Yingsha, aliyekuwa namba moja wa dunia wakati huo. Ni Xia Lian naye anacheza kwa vipele. Lakini mimi namhusudu zaidi Zeng Zhiying. Aliacha kushindana akiwa kijana, akahamia Chile kufundisha, akaurudia mchezo kwa bidii wakati wa korona, na Paris hiyohiyo akaiwakilisha Chile akiwa na miaka 58. Alitolewa mechi ya kwanza. Sawa, alitolewa kwenye Olimpiki.

Sisi hatuhitaji Olimpiki. Tunahitaji meza, na meza zipo. Zimeegeshwa ukutani kwenye stoo za ofisi, shule na makanisa, zimelaliwa na viti vibovu. Nyingine hutolewa siku ya sherehe, zikafunikwa kitambaa cheupe na kupangiwa masufuria ya pilau. Wewe mwenye ufunguo wa stoo, huu wito ni wako pia. Meza haina makuu: urefu mita 2.74, upana 1.525, kimo sentimita 76, wavu wa sentimita 15.25. Ikikosa mguu mmoja, fundi seremala wa mtaani ataumaliza kabla ya adhuhuri. Ifungueni siku moja tu kwa wiki, muone.

Nanyi mnaoandaa mashindano ya mitaa na ya klabu, tuwekeeni kundi letu. Mashindano ya dunia ya wakongwe yalianzia Göteborg, Uswidi, mwaka 1982, na mlango wake ni miaka 40. Watumishi wetu wa serikali wanavuta kamba kwenye mashindano yao ya SHIMIWI wakiwa na vitambi na mvi, na hakuna anayewacheka. Ila msitufungie humo kwenye kundi la wazee peke yake. Tuacheni pia tukutane na kina binti.

Kabla hujaja, kapime presha, na usivae viatu vya ofisini. Sakafu ya terazo haina huruma na goti. Raketi ya zamani ije kwa kumbukumbu tu. Yangu raba yake ilikuwa imekauka, inang'aa kama kigae. Na kabla ya mechi yoyote, jizoeze kuanzisha: kiganja wazi, mpira urushwe juu angalau sentimita 16, kila mtu auone. Utakosea mara ishirini za kwanza.

Wanasema uzee mwisho Chalinze, na mimi naishi Dar. Jumamosi nitakuwa meza ya pili, ile yenye mguu uliofungwa kamba. Binti ameshaniuliza kama nitakuja.