Ganzi ya meno: Je, yafaa kulipia zaidi ili iishe mapema?

MKAZI wa Landless anayeabiri matatu hadi katikati ya mji wa Thika kuzibwa jino hurejea nyumbani akiwa na mdomo usio wake. Kazi ya daktari huenda ikachukua nusu saa tu, lakini mdomo wa chini, kidevu na upande mmoja wa ulimi husalia vizito hadi alasiri. Chai humtiririka, maneno humponyoka, na akithubutu kula hujitafuna shavu bila kujua.

Kwa miaka mingi hali hiyo ilichukuliwa kuwa sehemu ya matibabu, jambo la kuvumiliwa. Hata hivyo, tangu Mei 2008, wakati mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoidhinisha dawa inayoitwa OraVerse, ganzi imekuwa kitu kinachoweza kufupishwa kwa malipo. Swali linalobaki kwa mwenye mfuko mwembamba ni iwapo muda unaookolewa una thamani ya fedha hizo.

Ili kulijibu, sharti kwanza ifahamike ni kwa nini ganzi hukawia. Dawa inayotumika sana, lidokeini, ilibuniwa nchini Uswidi mwaka wa 1943. Ikidungwa peke yake huchukuliwa upesi na damu, na nguvu zake huisha kabla ya daktari kumaliza kazi. Ndiyo maana huchanganywa na adrenalini, ambayo hubana mishipa midogo ya damu na kuizuia dawa isiondoke. Mchanganyiko huo hulifisha ganzi jino lenyewe kwa muda wa saa moja hivi, lakini mdomo na ulimi hubaki vimekufa ganzi kwa saa tatu hadi tano. Kwa maneno mengine, daktari anahitaji saa moja, na mgonjwa anabebeshwa zile nyingine.

OraVerse hufanya kinyume cha adrenalini. Kiungo chake, fentolamini, ni dawa kongwe iliyotumiwa na madaktari tangu miaka ya 1950 kushusha shinikizo la damu kwa wagonjwa wenye uvimbe fulani wa tezi. Hudungwa palepale penye ganzi baada ya kazi kukamilika, mishipa hupanuka na lidokeini husombwa na damu. Katika majaribio yaliyofanyiwa watu wazima, nusu ya waliopewa dawa hiyo walirejewa na hisia za mdomo wa chini ndani ya dakika 70, ilhali kwa wasiopewa zilikuwa dakika 155. Mdomo wa juu ulichukua dakika 50 badala ya 133.

Kinachouzwa basi ni takribani saa moja na dakika 25, pamoja na sindano ya pili.

Kwa wakazi wengi wa Landless, hesabu hiyo haiwafai. Kibarua aliyeomba ruhusa kazini amekwisha kupoteza siku yake katika foleni na barabarani. Mdomo ukizinduka saa nane badala ya saa tisa unusu hakuna mwajiri atakayemlipa tofauti hiyo. Mwendeshaji bodaboda au fundi wa mawe anaweza kuendelea na shughuli zake mdomo ukiwa mzito. Jambo ni tofauti kwa mwalimu anayesubiriwa darasani, mpishi wa kibanda ambaye ulimi ndio kipimo chake cha chumvi, au mgonjwa wa kisukari asiyeweza kukaa saa nyingi bila chakula. Hao wana sababu ya kuuliza bei.

Lakini kuna jambo ambalo matangazo ya dawa za aina hii hayalisemi kwa sauti. Majaribio hayo yalihusu kazi nyepesi kama kuziba na kusafisha meno, si upasuaji. Watu wengi wa kipato cha chini humwendea daktari jino likiwa limeshaoza na dawa yake ni kung'olewa tu. Kwa aliyeng'olewa jino, ganzi ndiyo dawa ya maumivu ya kwanza anayorudi nayo nyumbani, na kulipa ili iondoke haraka ni kulipia maumivu yaanze mapema. Isitoshe, mwenye maradhi ya moyo anapaswa kutahadhari, kwa kuwa dawa hiyo huweza kubadili mapigo ya moyo na shinikizo la damu.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya watoto. Mtoto asiyehisi mdomo wake huuchezea na kuutafuna hadi ukavimba na kuchubuka, na mzazi akauona usiku akadhani ni maambukizi. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2000 uliwapata watoto 13 katika kila 100 wakiwa wamejiumiza hivyo baada ya kudungwa ganzi ya taya la chini. Miongoni mwa walio chini ya miaka minne walikuwa 18. Cha ajabu ni kwamba OraVerse ilipoidhinishwa mwaka wa 2008, haikupendekezwa kwa walio chini ya miaka sita. Wanaohitaji kinga zaidi ndio walioachwa nje. Kwa hao, jicho la mama na chakula kinachoahirishwa hadi mtoto ahisi kidole mdomoni hufanya kazi bila senti moja.

Ipo pia njia ya katikati, isiyotajwa sana pengine kwa sababu haina faida kwa muuzaji. Kwa kazi fupi, daktari anaweza kutumia mepivakeini isiyo na adrenalini, ambayo hulitia jino ganzi kwa dakika 20 hadi 40 na mdomo kwa saa mbili au tatu. Hakuna sindano ya pili. Haifai kwa kazi ndefu, na uamuzi ni wa daktari, ila mgonjwa ana haki ya kuuliza kabla hajafungua kinywa.

Haki hiyo imo katika Sheria ya Afya ya 2017, inayomtaka mhudumu amweleze mgonjwa njias za matibabu zilizopo, manufaa, hatari na gharama zake, kwa lugha anayoielewa. Kliniki inayoongeza malipo ya kuondoa ganzi kwenye bili bila kuuliza imekiuka sheria hiyo, hata kama kiasi chenyewe ni kidogo.

Ganzi inayopitisha siku nzima si suala la kulipia dawa yoyote ya kuifupisha. Huenda neva imeguswa, na anayepatwa na hali hiyo anapaswa kumrudia daktari aliyemtibu.