Asiye na Chama na Kura ya Mchujo

Ndugu wanachama, liko swali moja ambalo kila mwenye kadi hulijibu kabla muulizaji hajafunga kinywa. Je, mtu asiye na chama chochote apewe kura siku ile chama kinapomchagua mtu wake wa kusimama katika uchaguzi? Hapana! Alipe ada kwanza, akae nasi kwenye mikutano, anyeshewe mvua ya kampeni pamoja nasi, ndipo aje kutuchagulia mgombea. Sisi wenyewe tumesema hivyo mara nyingi. Leo twataka kusema jingine, na twaomba mtuvumilie, maana habari inayotusukuma kusema hivyo yatoka mbali, yatoka Marekani, ambako jambo hili limegombewa mahakamani kwa karibu miaka mia.

Kule vyama viwili vikubwa, Democratic na Republican, huchagua wagombea wao kwa kura ya mchujo. Lakini mchujo wa Marekani si kikao cha tawi. Kwa kawaida husimamiwa na serikali ya jimbo au ya wilaya, na fedha zake hutoka katika kodi ya kila mtu. Wala hakuna kadi, wala ada. Katika majimbo yanayoandika chama cha mtu, uanachama ni jina la chama lililotiwa katika daftari la wapiga kura, basi. Na wasiopenda kutia jina lolote si wachache: mwaka 2024 shirika la Gallup lilipouliza watu, 43 katika kila 100 walisema wao si wa chama hiki wala kile. Watu hao hulipia mchujo. Katika majimbo yenye mchujo uliofungwa huambiwa wakae nje.

Hoja ya wenye kuwafungia ni hoja yetu ile ile: chama ni cha wanachama, na mwenye nyumba ndiye achaguaye nani aingie. Ni hoja nzuri. Hebu na tuitazame ilipofanya kazi yake mbaya kuliko zote.

Katika jimbo la Texas, zamani hizo, mgombea wa Democratic akishapita mchujo alikuwa amekwisha kushinda. Uchaguzi wa Novemba ulikuwa wa kutia muhuri tu. Mwaka 1923 Texas ilitunga sheria kwamba Mmarekani Mweusi asipige kura katika mchujo wa chama hicho. Daktari mmoja Mweusi wa El Paso, Lawrence Nixon, akashitaki, na mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta sheria ile. Texas ikageuka, ikaiachia kamati ya chama iamue. Nixon akarudi mahakamani, akashinda tena mwaka 1932. Ndipo wakubwa wa chama wakapata ujanja wa tatu: mwaka huo huo mkutano wao ukapitisha azimio kwamba wanachama ni Wazungu peke yao. Si serikali iliyosema, walidai, ni chama chenyewe, na chama ni jumuiya ya watu waliopatana kwa hiari yao. Na mwaka 1935 Mahakama ikakubali, kwa kauli moja!

Ikawa miaka mingine tisa. Mganga wa meno wa Houston, Lonnie Smith, alinyimwa karatasi ya kura katika mchujo wa mwaka 1940, akaenda kushitaki. Wakili wake mmoja alikuwa Thurgood Marshall, yule yule aliyekuja London mwaka 1960 kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mazungumzo ya Lancaster House. Tarehe 3 Aprili, 1944, majaji wanane kwa mmoja walisema kwamba mchujo ulio sehemu ya uchaguzi wa nchi si jambo la faragha ya chama, na kumnyima raia kura humo kwa sababu ya rangi yake ni kumnyima kura ya nchi.

Hatusemi kwamba asiye na chama wa leo yuko katika dhiki ya Lonnie Smith. Yeye aweza kujiandikisha akitaka. Yule hakuweza kubadili ngozi yake. Lakini lililosemwa juu ya mchujo lingali kweli. Mahali ambapo chama kimoja kina nguvu hata mgombea wake hana wa kumshinda, mchujo ndio uchaguzi, na aliyefungiwa nje ya mchujo amepewa karatasi ya Novemba kwa heshima tu.

Wanaotupinga watasema: maadui watajipenyeza watuchagulie mgombea dhaifu. Twauliza, ni adui gani? Mtu wa chama kingine aweza kuwa na hila hiyo, kwa sababu ana mgombea wake wa kumnufaisha. Asiye na chama ana mgombea gani? Warepublican wa Connecticut waliliona hilo. Walitaka wenyewe kuwakaribisha wasio na chama katika mchujo wao, sheria ya jimbo ikawakataza, wakaenda mahakamani, na mwaka 1986 wakashinda kwa majaji watano dhidi ya wanne. Hawakuwa wajinga, walikuwa chama kidogo kilichotaka kura.

Hata hivyo mlango wazi si kuvunja ukuta. California ilivunja ukuta. Mwaka 1996 wapiga kura wake walipitisha mchujo ambao mtu yeyote aliweza kuchagua mgombea wa chama hiki kwa kiti kimoja na wa chama kile kwa kiti cha pili. Mwaka 2000 Mahakama ikaukataa, na twaona ilikuwa na haki. Kisha mwaka 2010 wakaleta mtindo mwingine: wagombea wote huwekwa kapu moja, wawili wa kwanza huendelea, wawe wa chama chochote. Mwaka 2012 katika jimbo la uchaguzi la 31, penye wafuasi wengi wa Democratic, wagombea wa chama hicho waligawana kura, na waliopita wakawa Warepublican wawili. Hapo mpiga kura alipewa uhuru wa kuchagua asichokitaka!

Njia ya New Hampshire ndiyo twaiona ya haki. Asiye na chama huja siku ya mchujo, huomba karatasi ya chama kimoja, kimoja tu, hupiga kura yake, na aweza kujitoa tena kabla hajarudi nyumbani. Ifananisheni na New York, ambako aliyetaka kupiga kura katika mchujo wa tarehe 19 Aprili, 2016, naye hakuwa na chama, alitakiwa awe amekwisha kujiandikisha kufikia tarehe 9 Oktoba, 2015. Nani ajuaye mwezi wa Oktoba atampenda nani mwezi wa Aprili?

Na kwetu? Wazee wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Mwaka 1965, Tanzania Bara ilipokuwa na TANU peke yake, mikutano ya wilaya ya chama iliwapigia kura waombaji, na Halmashauri Kuu ikatoa majina. Lakini kuchagua kati ya jembe na nyumba kuliachiwa raia wote wa miaka 21 na zaidi, wenye kadi na wasio nayo. Hao ndio waliomwangusha hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, huko Mwanza.

Mchujo wetu twaulipia wenyewe kwa ada, na penye ushindani wa kweli na ubaki wa wenye kadi. Lakini yako majimbo ambayo mtu wetu akishapita hapa ndani hakuna wa kumpinga nje, na asiye mwanachama huko huletewa mbunge kama barua. Twataka Mkutano Mkuu ujao uliweke jambo hili mezani: katika majimbo hayo, aliyemo katika daftari la wapiga kura na ambaye si wa chama kingine apewe karatasi. Matawi yenye hofu na yatuandikie, nasi tutazichapa barua zao.